Regyuleta ya Marehemu

Mimi sipendi vitu vya marehemu. Nasema mapema, maana ukweni kule Mshangano nilishaitwa mchoyo, mwenye kiburi na mwanamke wa mjini kwa sababu hiyo hiyo. Gaspari, kaka wa mume wangu, alipofariki sikugombea hata kijiko. Lakini mwaka ulipotimia, misa ikasomwa, pombe ikanywewa, vitu vyake vikagawanywa, na mume wangu Fulgence akapewa regyuleta.

Regyuleta ni kile kidude cha kupumulia chini ya maji. Upande mmoja unafungwa kwenye mtungi wa hewa, katikati kuna bomba refu la mpira, na upande wa pili unauuma kwa meno. Miaka ile ya tisini, biashara ilipokuwa imeachiwa huru na wageni wa kila rangi wakimiminika Tunduru kununua mawe, vijana wengi wa Songea waliacha mahindi shambani wakaenda kuzama Mto Muhuwesi. Walichimbua mchanga wa chini kabisa, na wenye moyo mgumu walijipenyeza hadi ndani ya mapango yaliyo chini ya miamba, wakitafuta yakuti. Gaspari alikuwa mmoja wao. Mto haukumfanya kitu. Alikufa kitandani kwa malaria iliyompanda kichwani, na ndiyo maana mama mkwe wangu, Mama Kunegunda, aliamini kile kidude kina baraka.

Kwa kina Fulgence kitu cha marehemu hakilali. Aliyepewa jembe sharti alime nalo, aliyepewa koti sharti alivae hadi kanisani. Kisipotumika, marehemu amefungiwa nje, na ukoo mzima hautapata raha. Nilimuuliza Fulgence ni nani aliyevaa meno ya bandia ya babu yao, akaninunia kutwa nzima. Nilitania kwa sababu niliogopa. Mume wangu, mtu aliyezoea kuvuka mabwawa ya samaki tu, alikuwa anajiandaa kwenda mtoni kwa ajili ya kitu alichoachiwa na maiti.

Tulikwenda kukichukua jikoni kwa mama. Mwaka mzima alikuwa amekitundika juu ya meko, kwenye uchanja, katikati ya mahindi ya mbegu.

"Nimekitunza kama mbegu," alisema, akikipangusa kwa kitambaa chenye mafuta ya alizeti. "Moshi umekikausha vizuri. Hakuna mdudu wala panya aliyekigusa. Kiingie majini sasa, mwanangu, kaka yako apumzike."

Kiling'aa cheusi mikononi mwake. Mama alitabasamu, akamkabidhi Fulgence.

Pale sokoni Songea nilikuwa nauza nguo za mitumba, na kibanda cha jirani yangu kilikuwa cha Bashiru, fundi kutoka Tunduru. Alianza na pampu za maji na kompresa za kujazia matairi, mawe yalipotokea akajifunza regyuleta, na kufikia wakati ule wazamiaji wa Muhuwesi hawakumwamini mwingine. Nilimpeleka Fulgence kwake kwa kumvuta shati.

Bashiru alikigeuza kile kidude, akakinusa, akanitazama mimi badala ya Fulgence.

"Shemeji, hiki kilikuwa wapi?"

"Jikoni kwa mama mkwe. Juu ya moshi."

Alikifunga kwenye mtungi, akauacha mtungi bila kuufungulia hewa. Akanipa mimi kile kipande cha mdomoni. "Hewa nimeifunga. Nyonya. Kikiwa kizima hakitakupa kitu, utavuta mpaka mashavu yaingie ndani."

Nikavuta. Nikapata pumzi, nyembamba, yenye harufu ya kuni.

Nilikitema kama niliyeuma mende. Bashiru alicheka kidogo, lakini macho yake hayakucheka. Alifungua kifuniko kwa bisibisi, akatutolea kile kiwambo cha mpira kinachotakiwa kubonyea kila unapovuta pumzi. Alikikunja kwa vidole, kikakatika kama chapati ya jana.

"Hapa ndipo maji yangeingilia," alisema. "Kiwambo naweza kubadilisha. Lakini bomba nalo limepikwa. Tazama hapa penye chuma." Alisogeza kile kikoba cha mpira kinachofunika maungio, na chini yake tukaona nyufa, nyingi, zimezunguka bomba lote. "Juu ya ardhi linavumilia. Kule chini siku litakapopasuka, mtungi wote unamwagika kabla hujajua umeelekea wapi. Kama uko katikati ya mto utaibuka ukikohoa. Kama uko ndani ya mwamba, basi."

"Tafuta bomba jingine," Fulgence alisema.

"La aina hii halipo. Hata waliokitengeneza sijui kama bado wapo. Ndiyo maana nawaambia watu kila siku, msichague kinachong'aa. Chagueni ambacho vipuri vyake vipo." Alivuta boksi chini ya meza, akatoa regyuleta nyingine, imechubuka, haina sura. "Hii nimeifungua mwenyewe, nimebadilisha kila oringi, vile vipete vya mpira. Nenda nayo. Ukitoka mtoni isuuze kwa maji safi, ziba kwanza hapa juu maji yasiingie, usibonyeze kitufe, itundike kivulini. Kivulini, siyo jikoni."

Nilimpenda Bashiru saa ile kama ndugu yangu wa damu. Akaweka mkono juu ya ile ya Gaspari. "Hii niachie. Nitaipasua nipate skrubu."

"Hapana," Fulgence alisema. "Ni ya marehemu. Mama atauliza."

"Wallahi, Fulgence, mama yako hazami."

"Nitaibeba tu. Itakaa kwenye begi."

"Kule mtoni hakuna kitu cha kupumulia kinachokaa kwenye begi," Bashiru alisema, akaiachia.

Lazima niseme na hili kuhusu Bashiru. Alikuwa na mdogo wake, Daimu, tumbo moja, mzamiaji huko huko Muhuwesi, na huyo alizama kwa pumzi za kifua chake tu. Anazama, anachota mchanga, anaibuka. Mara ngapi alikuja Songea kumlilia kaka yake ampe regyuleta! Bashiru aliyewavalisha vijana wa watu hakumpa wa kwao. Nilimuuliza siku moja kama si uchoyo.

"Nikimpa ataingia chini ya mwamba," alinijibu. "Sasa hivi kifua chake kinamrudisha juu kila mara. Acha anichukie."

Fulgence aliondoka na regyuleta mbili. Kabla hajapanda lori, nilimwapisha kwa jina la mtoto wetu kwamba ile ya moshi haitaingia kinywani mwake. Akaapa huku ananitazama usoni. Nikamwamini, na bado kila lori lililoshuka kutoka Tunduru lilinipa homa. Wateja walinishikia nguo, nikawatajia bei ya nguo nyingine. Nilikuwa nikisikia mtu amevuta kamasi nyuma yangu nageuka nikidhani kaniletea msiba.

Akarudi. Mzima, mweusi kwa jua, anacheka. Nilimrukia pale pale stendi bila aibu, kina mama wakapiga vigelegele vya kejeli. Tulikwenda moja kwa moja Mshangano kumsalimia mama.

Mama Kunegunda hakungoja hata tukae. Tulipomwamkia aliitikia marahaba kwa haraka, kisha akamshika mwanawe mikono yote miwili.

"Kiliingia majini?"

"Kiliingia, mama."

Mama alifanya ishara ya msalaba, akafuta machozi kwa ncha ya kanga, akaenda kukamata kuku. Mimi nilimkonyeza mume wangu. Nilidhani amemdanganya mama kwa wema, na nikamwona mwanamume mwenye busara kuliko wote Songea nzima.

Kuku akiwa anachemka, nilichukua beseni la maji safi nikakaa kivulini, nifungue begi nisuuze vile vifaa kama Bashiru alivyoagiza. Nikatoa ile iliyochubuka. Nikaingiza mkono tena. Soksi, kaptula yenye mchanga, sabuni. Nikalimwaga begi lote chini.

"Fulgence, ile nyingine iko wapi?"

Alikuwa anatafuna muwa. "Si nimekwambia? Iliingia majini."

"Na nani?"

"Mimi niliapa, nikatimiza kiapo changu. Haikugusa mdomo wangu." Akatema kapi. "Lakini mama naye alitaka iingie. Marehemu hataki kujua imeingia na nani, ilimradi inatumika. Nikampa kijana mmoja aliyekuwa ananisumbua kila siku. Bure, Suzana, sikuchukua hata jiwe. Alifurahi mpaka akalia."

"Ulimwambia kuhusu bomba?"

"Ningemwambia angekataa, halafu mama ningemwambia nini? Pia aliijaribu penye maji ya magoti, ikapumua vizuri tu."

Sikujua kama nilikuwa nimesimama. Beseni lilikuwa limepinduka na maji yamelowesha gauni langu lote.

"Kijana gani?"

Alitazama muwa wake, akaugeuza, akatafuta mahali pa kuuma.

"Daimu," alisema.

Kuna maneno niliyomwambia mume wangu siku ile ambayo sitayaandika, na mama mkwe aliyasikia yote akiwa na kisu cha kitunguu mkononi. Sikula kuku. Nilitoka na gauni langu bichi hivyo hivyo, nikapata lifti ya baiskeli hadi sokoni, nikimkasirisha mwenye baiskeli kwa kumhimiza kila penye mteremko.

Bashiru alikuwa mlangoni pa kibanda chake. Aliponiona alinyanyua mikono.

"Shemeji! Nimesikia mzee karudi mzima. Alhamdulillahi!"

"Bashiru…"

"Ngoja, na mimi nina langu. Asubuhi dereva wa lori kaniletea salamu za yule mtukutu wangu. Kapata regyuleta! Eti nisimnyanyase tena, leo anaingia chini ya mwamba na wakubwa." Alitikisa kichwa, akajifuta grisi viganjani. "Niliogopa, sikufichi. Nimeshindwa hata kunywa chai. Lakini baadaye nikajituliza. Nikasema, we Bashiru, regyuleta zote za mto ule zimepita mikononi mwako. Yoyote aliyoipata, mbovu uliikataa, nzima uliifunga mwenyewe. Basi nikapata nguvu, nikafungua kazi."

Alinisogezea kigoda chake, akanipangusia vumbi kwa kiganja.

"Kaa basi, Shemeji, mbona umelowa hivyo? Haya, sema. Ulikuwa unataka kuniambia nini?"

Nikakaa, nikamwambia.