Kurasa Kumi na Sita za Mwisho

Kazini walimwita Bi Gundi, na jina likamkaa. Kwa miaka kumi na moja alikuwa fundi wa vitabu vilivyochanika katika maktaba ya mji, kwenye chumba cha nyuma chenye dirisha moja, meza ndefu na kishinikizo cha chuma. Kitabu kikifika mgongo umeachia, alikifumua, akayapanga mafungu yake, yaani zile kurasa kumi na sita zinazokunjwa pamoja, akayashona upya kwa uzi wa nta na kukivisha jalada. Kusoma hakusoma. Mpishi akionja kila chungu, alipenda kusema, wageni watakula nini.

Waliomponza ni panya. Walikula pembe za chini za kitabu cha tatu cha mfululizo uitwao Aliyerudi na Mvua, wakaondoka na namba zote za kurasa. Mafungu yakatawanyika mezani kama karata, na njia ya kuyapanga ilikuwa moja tu, kuyasoma. Alianza saa tatu asubuhi. Saa saba mkutubi mkuu alichungulia kumuuliza kama haendi kula, akajibiwa kwamba mtu anafufuka hapa, asisumbue.

Kisa chenyewe kilikuwa cha mjane, mwoka mikate, ambaye mumewe aliyezama ziwani alimrudia kila mvua iliponyesha. Kuanzia kiunoni kwenda chini alikuwa ukungu mtupu, lakini mikono yake ilikuwa na joto la mtu hai. Humo mlikuwa pia na mchawi mwenye vivuli viwili na chui anayejua kusoma barua. Mtu mzima na akili zake angecheka, na Bi Gundi alicheka kweli, kwa kurasa kama arobaini hivi. Baada ya hapo alikwenda rafuni kuchukua cha kwanza na cha pili, akavipeleka nyumbani chini ya kitenge.

Nyumbani aliishi na mama mkwe wake, wawili tu. Mumewe Bi Gundi, mtoto wa pekee wa kiume wa bibi yule, alikuwa amefariki miaka minne nyuma, na tangu hapo wanawake hao waliheshimiana mpaka heshima ikawa ukuta. Walisalimiana, waliulizana kuhusu chumvi, walitakiana usiku mwema. Marehemu hakutajwa. Bibi alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili, akitambua watu kwa nyayo zao.

"Unacheka nini huko?" bibi aliuliza jioni ya kwanza.

"Kitabu tu, mama."

"Basi kisome kwa sauti. Au kicheko nacho ni cha watu wenye macho?"

Akasoma. Bibi alisema haya ni mambo ya mashetani, hayafai, astaghafiru, na aliposikia msomaji ananyamaza akauliza kwa nini amenyamaza. Kuanzia siku hiyo kila jioni saa kumi na moja, chai ikiwa mezani, mwoka mikate na mtu wake wa ukungu waliingia sebuleni. Wanawake wawili walioshindwa kuzungumza wao kwa wao sasa walibishana kuhusu wanandoa wasiokuwepo. Walimaliza vitabu vinane kwa miezi mitano.

Kulikuwa na jambo lingine. Ng'ambo ya barabara, mkabala na maktaba na hatua chache tu kutoka mlangoni pa Bi Gundi, alikaa fundi saa, mwanamume mpole mwenye kibanda cha vioo, na mwaka uliopita alimwomba Bi Gundi waoane. Bi Gundi hakukubali wala hakukataa. Alisema, "Nina mzee wa kumtunza, haoni." Ilikuwa kweli, na ilikuwa pia kichaka cha kujifichia. Fundi saa alijibu kwamba atasubiri.

Basi wifi yake alipopiga simu kusema Jumamosi saa nne asubuhi atakuja na gari kumchukua mama akaishi kwake, karibu na hospitali ya macho, Bi Gundi aliogopa. Aliogopa nyumba tupu, na zaidi aliogopa kubaki bila kisingizio. Akashika jambo moja kwa mikono miwili: kitabu cha tisa, cha mwisho, ambamo mwoka mikate angeamua kama atamfuata mumewe majini au atabaki nchi kavu. Bi Gundi moyoni alikuwa ameshaamua kwamba mwoka mikate lazima amfuate. Alitaka kitabu kimwambie hivyo, ili na yeye ajue pa kusimama, na fundi saa apewe jibu lake.

"Na mimi sitii mguu kwenye gari la mtu," bibi alisema, "kabla sijajua."

Jumatano jioni walikuwa wamefika pazuri. Mvua ya mwisho ya mwaka ilikuwa inanyesha, mwoka mikate amesimama ukingoni mwa ziwa na unga bado mikononi. Bi Gundi akasoma, "Mtu wa ukungu akamnyooshea mkono, akamwinamia, akamnong'oneza," akageuza ukurasa, akaendelea kwa sauti ileile ya mahaba, "kuku mwenye kideri hupinda shingo, hukohoa, na kinyesi chake huwa cha kijani."

Bibi akaweka kikombe chini.

"Kuku katoka wapi?" bibi aliuliza.

Bi Gundi alijua mara moja katoka wapi, na uso ukamwaka moto. Wiki mbili kabla, kitabu cha tisa kilifika chumbani kwake kimeachia mgongo. Fundi aliyekolea namna ile angefanyaje na fungu la mwisho mbele ya macho yake? Aliogopa jicho lisije likadokoa neno la mwisho kabla ya wakati. Alililaza kifudifudi, akalifunika karatasi nyeupe, na ulipofika wakati wa kulishona aligeuza uso kabisa, akatazama dirishani huku sindano ikienda kwa mazoea. Mezani siku hiyo kulikuwa na kitabu kingine cha kimo kilekile, mwongozo wa ufugaji wa kuku, nacho kikisubiri fungu lake la mwisho. Miaka kumi na moja hakuwahi kukosea hata uzi, na alipokosea alikosea kwa sababu ya kumpenda mtu wa ukungu.

"Mama," alisema, "mwisho wa hadithi uko ndani ya kitabu cha kuku."

"Basi kautoe," bibi alijibu. "Jumamosi saa nne si mbali."

Alhamisi asubuhi alikwenda kwa mkutubi mkuu na kukiri kosa lake, maana njia ya mkato ni kusema ukweli. Mkutubi alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akafungua daftari la waazimaji, akamwonyesha: kitabu cha kuku kilikuwa kwa mwalimu mstaafu, nje kidogo ya mji, mwenye mabanda matatu. Alimwonya kwamba mzee huyo ameshaandika barua mbili za malalamiko mwaka huu, moja kuhusu viti.

"Akiandika ya tatu nitaipokea kwa mikono miwili," Bi Gundi alisema.

Jioni hiyo alifumua kitabu cha tisa, akalitoa fungu la kuku, akalifunga ndani ya karatasi safi. Ijumaa aliomba ruhusa, akatembea, maana huko mwisho wa barabara hapakuwa na usafiri. Jua lilimpiga, kiatu kikamkata kisigino, na mara mbili alielekezwa njia siyo. Mara ya pili alisimama kando ya barabara akavua viatu vyote viwili, akaviweka mkobani na kuendelea pekupeku. Anayerudi bila kuku hajaenda sokoni, alijiambia, ingawa hakuwa na uhakika kama methali hiyo ipo.

Mwalimu mstaafu alimkuta langoni, mzee aliyenyooka kama rula, shati limefungwa mpaka kifungo cha shingoni.

"Wewe ndiye wa maktaba? Nina kuku wanakohoa. Nimefungua sura ya magonjwa, nimekuta mwanamke amesimama ziwani."

"Ni kosa langu, mwalimu. Nimekuletea magonjwa yako." Akamkabidhi fungu. Mzee akasimama palepale, akasoma, akaita mtu awatenge kuku wawili wa banda la pili, akasoma tena. Aliporidhika ndipo alipomkaribisha kiti, akaingia ndani na kutoka na mwongozo wa kuku. Hakuutoa mkononi.

"Kabla sijakupa," alisema, akishusha sauti ingawa walikuwa wawili tu, "huyu bwana asiye na miguu ni nani? Nimezisoma hizi kurasa mara nne. Hakuna mahali wanapoeleza."

Bi Gundi akamtazama mzee yule, na huruma ya mgonjwa kwa mgonjwa mwenzake ikamjaa. Akamweleza kuhusu ziwa, mvua, mchawi na chui. Alieleza kwa saa nzima, chai ikapoa, na mwalimu akauliza maswali ya mtu anayesahihisha mtihani. Alitaka kujua kwa nini mchawi hakukamatwa mapema.

"Kitabu cha kwanza kipo maktaba?"

"Jumatatu nitakuwekea mwenyewe."

"Na mwisho wake," mwalimu alianza, "kusema kweli uliniudhi sana, kwa sababu yule mwanamke..."

"Mwalimu, nakuomba kwa heshima zote," alisema, mikono tayari masikioni, "nimetembea pekupeku."

Mzee akafunga mdomo. Walikata uzi pamoja kwa kisu kidogo cha jikoni, na Bi Gundi akaliweka fungu lake mkobani bila kulitazama. Mwongozo akauchukua pia, aushone upya kuku wakipona, na mpaka hapo mwalimu abaki na kurasa zake za magonjwa.

Jumamosi saa tatu na nusu wifi alikuwa ameshafika. Mabegi yalikuwa mlangoni, na bibi alikuwa amekaa kwenye kiti chake amevaa viatu, mkoba mapajani, hatikisiki.

"Mama, njia ni ndefu," wifi alisema.

"Kaa usikilize au kasubiri garini."

Wifi akakaa. Bi Gundi akasoma. Mtu wa ukungu alinong'ona kwamba hii ni mvua yake ya mwisho, hatarudi tena. Mwoka mikate alijifuta unga, akavua pete, akaivaa tena, akaingia majini hatua kwa hatua mpaka maji yakamfika shingoni. Asubuhi wanakijiji walikuta viatu vyake ukingoni, na juu ya ziwa ukungu wa watu wawili. Hapo kikaishia.

Wifi alikuwa analia waziwazi. "Hayo ndiyo mapenzi," alisema. Bi Gundi alilikunja fungu. Ndiyo jibu alilolitafuta, neno kwa neno, na alingoja furaha imjie. Haikuja. Alihisi baridi miguuni, kama ambaye maji yamemfika.

"Upuuzi," bibi alisema.

Wote wakamtazama.

"Huyo aliyekufa hana mama? Vitabu tisa, hakuna aliyekwenda kumuuliza mama yake. Mimi wangeniuliza. Ningesimama pale ukingoni nikamwambia mwanamke yule, rudi nyuma, mwanangu mmoja ananitosha kumlilia." Akapapasa mkoba wake. "Mke wa mwanangu, unadhani naondoka kwa sababu ya macho?"

"Si ndiyo hospitali..."

"Hospitali hata hapa ipo. Dada yako huyu hakujitolea kunichukua. Nilimpigia mimi." Wifi akainamisha kichwa, akajifuta machozi kwa kiganja. "Miaka minne nimekaa hapa nikawa sababu yako. Mtu akikuuliza, mama mkwe. Usipolala, mama mkwe. Nikibaki na wewe utabaki. Sioni, lakini nayajua nyayo za mtu anayesimama kwa fundi saa halafu anatembea haraka."

Bi Gundi aliziweka kurasa sakafuni. Akapiga magoti mbele ya kile kiti na kuweka kichwa mapajani mwa bibi, akalia kwa mara ya kwanza mbele yake, akamtaja marehemu kwa jina. Bibi naye akalitaja. Wifi alitoka akamsubiri mama yake garini.

Gari liliondoka saa tano, saa moja nzima baada ya wakati. Bi Gundi hakuingia ndani. Alijua akiingia atakaa kwenye kiti kile, na akikaa atafungua kitabu. Alitoka vilevile, macho yamevimba, kisigino kimefungwa kitambaa, akashuka barabara mpaka kwenye kibanda cha vioo.

Fundi saa alikuwa ameinamia saa iliyofunguliwa, kioo cha kukuzia kimebana jichoni. "Subiri kidogo," alisema bila kujua ni nani.

"Sisubiri," alisema Bi Gundi. "Uliniuliza jambo mwaka jana. Jibu ni ndiyo, na nakupa sasa hivi nikiwa bado nimesimama nchi kavu."