Swali la Fundi Vioo

Kama kuna neno lililomchoma fundi vioo mwaka ule, ni neno "Mjomba". Mjomba kasema hivi, Mjomba kashauri vile. Bintiye, aliyeitwa Chiriku tangu mdogo kwa kupenda kusema, alikuwa amemaliza shule na alitaka kusomea usanifu wa majengo. Mjomba wake, kaka wa mama yake, alikuwa msanifu mwenye ofisi ya kiyoyozi. Basi mtoto akachukuliwa jumla. Wiki mbili nzima alikaa ofisini kwa mjomba kujionea kazi, akarudi nyumbani na penseli nyuma ya sikio.

Fundi hakutukanwa na mtu, na hilo ndilo lililomuuma zaidi, maana hakuwa na pa kuanzia ugomvi. Alimwonea shemejiye wivu, wivu mtupu, hadi manukato yake yakawa yanamtia kichefuchefu. Miaka ishirini na miwili anakata vioo, vidole vyote vina makovu, na Chiriku hajawahi kuomba kuja karakana hata siku moja. Kweli, yeye mwenyewe hakuwahi kumwita. Hilo hakupenda kulifikiria.

Usaili wa chuo ulikuwa Jumatatu saa tatu asubuhi. Kila mwombaji angetetea mchoro wake mbele ya walimu watatu. Nafasi thelathini, waombaji mia nne. Mchoro wa Chiriku, zahanati ndogo, ulibandikwa sebuleni tangu Jumatano, na fundi aliutupia jicho mara moja tu akaliona kosa. Kwenye mlango wa mbele, wa kile kioo kigumu cha milango ya maduka, paliandikwa: "Matundu ya kitasa yatobolewe mlango ukishafungwa kwenye fremu."

"Hapo Mjomba ndiye alinielekeza," Chiriku alisema kwa maringo.

Kioo cha namna hiyo hutobolewa kiwandani, kabla hakijapikwa motoni. Kikishapikwa, ukikigusa na drili kinapasuka chote na kumwagika chini chengachenga. Fundi akafyata ulimi. Siku tatu alitembea na siri yake, akicheka peke yake wakati wa kunyoa ndevu. Acha walimu walione. Acha Mjomba aumbuke.

Jumapili mchana Mjomba akaja kumfanyisha mtoto mazoezi. Akapanga viti vitatu, kimoja chake, kimoja cha dada yake.

"Shemeji, kaa na wewe. Tumepungukiwa mwalimu wa tatu."

Chiriku akasimama mbele yao, rula mkononi, na rula ilikuwa ikitetemeka. Hapo ndipo fundi alipotanabahi, na aibu ikamshika mwili mzima. Kesho Mjomba angekuwa ofisini kwake anakunywa chai. Atakayesimama pale aumbuke ni huyu.

"Mwombaji," fundi alisema kutoka kiti cha tatu. "Huo mlango wa kioo. Tundu la kitasa unatoboa lini?"

"Ukishafungwa, mwalimu."

"Kioo kitapasuka."

Chiriku akamgeukia mjomba wake. Mjomba akakohoa.

"Shemeji, siku hizi kuna drili za kisasa…"

"Hata ishuke kutoka mbinguni. Kikishapikwa hakitobolewi."

Mjomba akautazama mchoro, akakuna shingo. Alikuwa ndiyo kwanza anafungua mdomo, Chiriku akapiga makofi akacheka.

"Kumbe! Mjomba, uliliacha makusudi! Ndiyo maana ukamkalisha Baba hapo! Ulitaka niulizwe na mtu wa kazi!"

 Mjomba alimtazama shemejiye kwa macho ya kuomba. Mama mtu naye akamtazama mumewe.

Jibu lilikuwa kwenye ncha ya ulimi wa fundi, tamu kweli. Lakini rula ilikuwa imeacha kutetemeka. Mtoto alikwisha kushika kifutio, anafuta. Akiambiwa sasa kwamba mjomba wake alikosea, kuna mstari gani kwenye mchoro ule atauamini kesho saa tatu?

"Mjomba wako ana akili sana," fundi alisema. "Haya, andika. Matundu yatobolewe kiwandani, kabla kioo hakijapikwa."

"Polepole, Baba."

Akarudia polepole, neno kwa neno, huku akimtazama shemejiye juu ya kichwa cha mtoto, na wivu uko palepale.