Mashavu ya Ndoa

Mwaka wa nne wa ndoa yao, fundi vigae alianza kujaa uso, na sifa zote zikaenda kwa mkewe. "Shemeji, unampa nini huyu?" mafundi wenzake walimuuliza. "Alikuja kwako amekonda kama ukuni, sasa ni bosi!" Mkewe, mshonaji aliyeweka cherehani yake barazani, alicheka kwa madaha. Shati lilipombana mumewe shingoni, alisogeza kifungo cha kola, tena kwa raha. Nani hapendi kusikia kwamba mume kwake ameshiba?

Ajabu ni kwamba suruali hazikumbana hata kidogo. Mshonaji mzima, futi ya kupimia shingoni kutwa, hakujiuliza ni unene gani huo unaoishia kifuani.

Kisha kuinama kukawa taabu, na vigae havipangwi mtu akiwa wima. Akiinama tu, uso unamjaa damu na kichwa kinamzunguka. "Uvivu huo, baba!" mkewe alimtania. Zahanati wakasema ni mzio, wakampa vidonge. Akavimeza vyote, na bado akawa halali ila kwa kuketi, mito mgongoni.

Siku alipoanguka kazini ndipo alipofikishwa hospitali kubwa. Daktari alimfungua shati, akawaonyesha mkewe na wifi yake mishipa iliyotambaa kifuani kama mizizi.

"Mshipa mkubwa unaorudisha damu kutoka kichwani na mikononi kwenda kwenye moyo umebanwa," alisema. "Mara nyingi huwa ni saratani. Huyu hana. Picha inaonyesha kovu gumu, la zamani. Ni nadra, lakini kifua kikuu huweza kuacha kovu la namna hiyo. Aliwahi kuugua?"

"Hajawahi," mkewe alijibu upesi.

"Aliwahi," alisema wifi yake, dada mkubwa wa mgonjwa, macho chini. "Kabla hajakuoa. Akapona kabisa. Aliniapisha nisikwambie."

Mficha maradhi kifo humuumbua, walisema wahenga. Hawakusema lolote kuhusu anayeyaficha ili apate kuoa. Maana mshonaji alimuuguza baba yake kwa kifua hichohicho mpaka akamzika, na wakati wa uchumba alitamka waziwazi, fundi akisikia: mwanamume aliyewahi kuugua kifua, hata awe amepona vipi, kwake hapiti.

Madaktari waliamua kupitisha mrija mwembamba ili kujaribu kuupanua mshipa. Kabla hajaingizwa ndani, fundi alimshika mkewe mkono.

"Ningekwambia, ungenikubali?"

Uongo mmoja tu ungetosha, nao ulikuwa tayari mdomoni. Lakini uongo ndio uliowafikisha pale.

"Nisingekubali," alisema, machozi yakimtiririka.

"Nilijua." Alitabasamu, macho yakazama ndani ya uvimbe. "Ndiyo maana nikanyamaza, mke wangu. Na sijutii."

Hakutoka hai. Damu ilikuwa imeganda ndani ya mshipa muda mrefu mno, daktari aliwaeleza kwa upole. Angeletwa uso ulipoanza tu kuvimba, huenda wangemuwahi.

Wanawake wawili walibaki kwenye benchi la korido. Wifi alilia kwa kwikwi. "Nimemuua ndugu yangu kwa kuufunga mdomo wangu huu."

"Angeniambia mwenyewe, angekuwa hai," mjane alisema. Sauti ilikuwa ya hasira, na hasira yenyewe haikujua imwendee nani.

"Angekwambia, usingekuwa mkewe."

Mjane alifungua kinywa ajibu kwamba hilo lingekuwa afadhali. Kwamba angeridhika fundi awe mume wa mwingine, popote pale, mradi anapumua. Ndivyo anavyotakiwa kusema mtu anayependa kweli. Alijaribu, akajaribu tena, maneno yakagoma. Mumewe alikuwa amelala nyuma ya mlango ule, mwili haujapoa, na yeye bado alikuwa hawezi kukubali awe wa mwingine.