Waziri Mkuu Abeba Ukuta

Granville Skeete aliwaambia wasaidizi wake kwamba anakwenda Ellis Gap kumwona shangazi yake tu, basi, na wala si shughuli ya chama. Halafu akampitia Pilgrim, mpiga picha wa gazeti la chama, akampakia kwenye gari. Sasa hapo mtu umwambie nini? Waziri Mkuu wa kisiwa kizima, mtu mwenye mvi zake, anajidanganya mchana kweupe.

Jumamosi hiyo Shangazi Ismay alikuwa anahamishwa. Na aliyemhamisha, tuseme bila kuzunguka, ni huyo huyo Granville. Ni yeye aliyekubali ardhi ya shamba la miwa, pamoja na Ellis Gap yote, wapewe watu wa hoteli wajenge uwanja wa gofu. Wenye nyumba waliambiwa wabomoe, wakasimamishe upya kule pwani ya mawe ambako hata mbuzi hawapendi kulala. Na uchaguzi ulikuwa mwezi huo huo.

Nyumba za watu wale ni za mbao. Zimejengwa ziweze kubomolewa tangu enzi za babu zao, kwa kuwa ardhi haikuwa yao hata siku moja. Mwenye shamba akikukasirikia, unang'oa nyumba yako ukuta kwa ukuta, unaipakia, unaisimamisha kwingine kabla jua halijazama. Na desturi yao ni hii: nyumba ikibebwa, anayepita anashika. Haombwi mtu, hakataliwi mtu. Hata msimamizi wa shamba aliyeamuru ufukuzwe, akipita akashika ubao, anaachwa abebe.

Granville aliijua desturi hiyo vizuri, maana ndiyo iliyomtoa. Alikuwa karani wa kupima miwa, kijana mkimya asiyejulikana na yeyote, mpaka Shangazi Ismay, aliyemlea tangu mama yake afariki, alipofukuzwa shambani kwa kosa la kwenda kusikiliza mkutano wa chama cha wafanyakazi. Siku ile walipombebea nyumba kuileta Ellis Gap, Granville alipanda juu ya lori katikati ya zile kuta akasema maneno. Maneno hayo yakampeleka jela, jela ikampeleka bungeni, bunge likampeleka Ikulu. Alisema hakuna mwanamke atakayebeba nyumba yake tena katika kisiwa hiki. Watu walilia, naye akalia, na wakati ule alikuwa anamaanisha kila neno.

Alichokuwa anakifuata Ellis Gap leo ni kitu kidogo cha kuchekesha. Mkewe alimwita Granville. Kisiwa kizima kilimwita Mheshimiwa. Jina la Vili, alilokulia nalo, lilibaki mdomoni mwa mtu mmoja tu duniani, na tangu amri ya kuhama itoke hakuwa amethubutu kwenda kusikia kama bado limo. Alitaka kuitwa Vili. Picha, alijiambia, ni nyongeza tu.

Walipofika, paa lilikuwa limeshashushwa na wanaume walikuwa wamebeba ukuta wa mbele kuelekea kwenye lori. Aliyewaongoza ni Darnley Goring, seremala, aliyewahi kufungwa seli moja na Granville wakigawana blanketi.

"Oho, tumepata kibarua mpya," Darnley akasema. "Mtazameni viatu, vinawaka kama sufuria ya harusi. Mheshimiwa, mbao hizi zina vumbi."

"Niache nishike, Darnley."

"Nani kakukataza? Shika. Sisi hatujui kukataza mtu. Tungejua, tungekukataza siku ile uliposhika kalamu."

Wanaume wakacheka chini chini. Granville naye akacheka, cheko la kujikaza, akavua koti, akakunja mikono ya shati. Kisha akafanya jambo ambalo mpaka leo likimjia anafumba macho. Kabla hajashika, aligeuka kumtafuta Pilgrim yuko wapi, akazunguka ukuta mzima hadi pembe iliyokuwa na mwanga mzuri. Hapo ndipo akaingiza bega. Akatabasamu. Kamera ikalia.

Hakuna aliyegombana naye. Darnley alisema, "Tueni," kwa sauti ya mtu anayeagiza chai, na wanaume wakaushusha upande wao polepole, wakatoa mikono, wakaenda kunywa maji. Granville akabaki na pembe yake begani. Kuunyanyua hawezi, na akiuachia, mbao zile kuukuu zitapasuka. Jasho likaanza kumtiririka machoni na hana mkono wa kulifuta. Pilgrim, maskini, hakujua apige picha au aje kusaidia, akabaki ameikumbatia kamera yake. Wanawake waliokuwa wanapika waliacha vyungu vyao wakatazama. Granville aliona aibu ya kweli, ile inayoshuka mpaka miguuni, na kilichomuuma zaidi ni kwamba hakuwa ameonewa.

"Nani kawafundisha kumwachia mtu mzigo?"

Ni Shangazi Ismay, anatoka kuchoma mashelisheli, mikono imejaa majivu.

"Shangazi, huyu kaja kupigwa picha," Darnley akasema.

"Nimeona, macho ninayo. Nyumba hii yangu au yako? Shikeni."

Wakashika. Ukuta ukaenda mpaka kwenye lori.

Shangazi Ismay alimpa Granville shelisheli na samaki wa chumvi kwenye sahani ya bati, kama wengine wote, wakakaa kwenye mawe ya msingi. Mbele yao, pale nyumba iliposimama miaka yote ile, ardhi ilikuwa nyeupe na kavu. Granville alitafuna bila kuonja kitu. Kisha akatoa alilokuja nalo.

"Shangazi, nimekuja kukuchukua. Njoo ukae kwangu, Ikulu. Chumba kipo, na baraza la kupunga upepo."

"Ile nyumba ni yako?"

"Ya serikali."

"Kumbe na wewe ni mpangaji." Bibi akacheka mpaka akakohoa. "Basi siku wakikutoa, Vili, niletee habari. Mgongo umekwisha lakini mikono ninayo. Nitakuja nishike."

Jina lilikuwa bado limo. Alilisikia, akaweka sahani chini.

"Hujanikasirikia, Shangazi?"

"Nimekukasirikia vibaya sana. Nimekutukana mpaka matusi yakaniishia, nikaazima ya jirani. Lakini nilipokuona na ukuta begani, nikasema, ala, mtoto huyu bado anaona haya. Mwenye haya sijamkatia tamaa."

Akasogea, akaanza kumpangusa vumbi kwenye kola kwa upande wa aproni, vile vile alivyompangusa akienda shule, na Granville akainamisha kichwa apanguswe. Hakusikia kamera ikilia.

Alikuja kujua garini.

"Ile ya ukuta haifai, Mheshimiwa," Pilgrim alisema. "Lakini hii bibi anavyokupangusa, hii ni ya ukurasa wa mbele. Mtu akiiona, habari ya gofu anaisahau. Niipeleke?"

Neno lenyewe ni fupi. Hapana. Mtoto anayejifunza kusema analiweza. Granville alilitafuta, akaliona, akalipima. Akafikiria kiti chake, akafikiria wale wa upinzani walivyokuwa wanamsubiri. Akageuza uso dirishani akatazama miwa inavyopita. Pilgrim alisubiri kidogo, halafu akafunga begi lake, maana watu wanaofanya kazi na wakubwa wanajua ukimya wa namna hiyo maana yake nini.

Picha ilitoka. Wengine waliikata wakaibandika sebuleni. Alishinda, tena vizuri.

Baada ya kuapishwa alikwenda pwani ya mawe peke yake, bila Pilgrim, bila hata dereva. Nyumba ilikuwa imesimama, imeegemea upande kidogo kwa sababu ya upepo. Shangazi Ismay alikuwa mlangoni anachambua mbaazi. Alipomwona, aliweka ungo chini, akajishikilia kwenye mwimo wa mlango, akainuka, yeye ambaye hakuwahi kumwinukia mtoto wake hata mara moja. Akaingia ndani akatoka na kiti, kile cha kukalia mchungaji akija, akakifuta vizuri pande zote.

"Shangazi, usihangaike, nitakaa hapa chini."

"Karibu, Mheshimiwa," bibi akasema, kwa upole kabisa. "Kaa hapa. Hiki ndicho cha wageni."

Granville akakaa.