Mgeni wa Meza za Kahawa

Mimi, Kiende, ndiye Mwalimu Bata. Soko zima la Githongo lilinibandika jina hilo mwaka wa themanini na sita, nilipomwita Runji kutoka Embu, bwana anayetunza orodha ya ndege, aje aone ndege adimu. Kumbe ni bata wa jirani yangu Naftaly aliyetoroka!

Mwaka uliofuata, asubuhi moja baada ya dhoruba, niliitwa kwenye kiwanda cha kahawa. Ndege alikuwa juu ya nailoni inayofunika meza za kuanikia. Nadhani aliiona iking'aa akafikiri ni maji. Mweusi, anajikokota kwa kifua, na juu ya mdomo ana mirija miwili midogo ya pua. Bata gani ana mirija? Huyu ni wa baharini! Nikakimbilia simu ya kiwanda.

"Mwalimu," Runji akasema, "nisipomwona kwa macho yangu, siandiki. Nakuja kesho."

Kesho! Nilizunguka uwanja nimemkumbatia, siwezi kutulia. Maji alikataa, dagaa alikataa, macho yanajifumba. Naftaly akanipigia kelele, "Huyo si wangu, Mwalimu Bata!" Nikajua kesho nitampa Runji mzoga. Na kwa orodha yake mzoga ungenitosha kabisa; kujikuta nikiwaza hivyo ndiko kulikoniudhi.

Nikapanda ukingoni, upepo unakopanda kutoka bondeni. Ndege akanitapikia mafuta kwenye sweta yangu ya akina mama wa kanisa. Nikamrusha. Akazama hadi kwenye mibuni, nikapiga yowe, kisha mabawa yakashika upepo, akaenda zake. Nilianza kujuta kabla hajapotea machoni. Kiende, mjinga wewe!

Runji alifika nyumbani kesho yake, matope hadi magotini. Naftaly alikuwa ameshaketi, anangoja kucheka.

"Yuko wapi?"

"Nilimwachilia."

Naftaly akacheka mpaka akakohoa. Runji akafunga daftari lake polepole. Nilitamani kulia.

Hapo mama yangu, Ciakuthii, akatoka uani na sweta mkononi. "Mara tatu kwa sabuni ya kipande, na bado inanuka! Jumapili utaketi benchi lako peke yako!"

Runji akainyakua. Akatia pua.

"Nilihesabu ndege hawa visiwani miaka miwili," akasema. "Harufu ya mafuta yao haiishi kwenye nguo hata ukifua." Akafungua daftari. "Mkia wake ulikuwaje?"

"Kama kabari," nikasema.

Akaandika jina la ndege, na langu chini yake.

Naftaly naye akaomba kunusa. Nilimnyima.