Fyuzi Katika Pindo la Kanga

Apolinaria alipoanza kazi katika kiwanda cha vitana, nyuma ya maghala ya nta karibu na stesheni ya Tabora, mapenzi hayakuwamo akilini mwake. Mumewe, mtu wa reli, alikuwa amekufa kwa homa, naye akarudi mtaani Isevya kukaa na mama yake, Bi Bertila. Alichokitafuta ni kazi ya kumchosha mchana, ili jioni usingizi umchukue kabla mawazo hayajamchukua.

Huo ulikuwa mwaka wa hamsini na nane, Mwingereza angali bomani. Kiwanda chenyewe kilikuwa banda moja la mabati lenye mashine moja. Mwenye mali, Bwana Jivraj, aliinunua mashine hiyo kuukuu huko Nairobi, akaivusha ziwani hadi Mwanza, akaileta kwa treni. Ilimeza punje za plastiki, ikaziyeyusha kwa moto wa umeme, kisha ikausukuma uji ule kwa nguvu ndani ya kalibu ya chuma. Kalibu ilipofunguka vilidondoka vitana vya moto. Apolinaria na wanawake wenzake walikaa mezani na visu vidogo, wakikwangua mabaki yaliyoning'inia kwenye meno ya kila kitana.

Pamoja na mashine alikuja Mabruki. Alikuwa mzaliwa wa Gongoni, pale pale Tabora, lakini alikuwa amekaa Nairobi miaka mingi akijifunza kazi ya mashine hizo. Babu yake alikuwa mpagazi, akibeba mizigo kutoka pwani hadi Ujiji, na nusu ya ukoo wao ilibaki Ujiji hadi leo. Mabruki mwenyewe alikuwa mrefu, mpole, asiyependa kusema sana. Msimamizi, Shomari, alisema mengi kwa niaba ya wote.

Kazi kubwa ya Mabruki ilikuwa kubadili kalibu. Leo wateja wanataka vitana, kesho vifungo vya shati, keshokutwa visahani vya sabuni, na kila kitu kina kalibu yake, chuma kizito chenye pande mbili ambazo mafundi huziita dume na jike. Siku ya kubadili, Mabruki hakutaka kuharakishwa na mtu. Aliizima mashine, akaiacha ipoe, akafunga maji. Akazifunga pande mbili za kalibu pamoja kwa kipande cha chuma, dume lisije likamponyoka jike hewani. Akaitundika kwenye mnyororo, mnyororo ukakaza, na hapo ndipo alipolegeza nati. Hakuna aliyeruhusiwa kupita chini ya kile chuma, hata Bwana Jivraj.

Lakini kabla ya hayo yote alikuwa na jambo moja. Alikwenda kwenye sanduku la umeme ukutani, akachomoa fyuzi kubwa, kitu cha kauri nyeupe kinachojaa kiganja. Mara ya kwanza alitazama huku na huku, kisha akaja moja kwa moja mezani kwa wanawake.

"Dada," alimwambia Apolinaria, "nishikie hii. Usimpe mtu yeyote mpaka nije kuiomba mwenyewe."

"Kwa nini mimi?"

"Kwa sababu tangu asubuhi sijakusikia ukimsengenya mtu."

Wenzake wakacheka. Apolinaria aliifunga ile fyuzi katika pindo la kanga yake, akalikaza fundo. Baadaye, wakinywa chai, Mabruki alimweleza. Huko Nairobi alikuwa na rafiki aliyeingiza mikono ndani ya mashine iliyozimwa. Mtu mwingine, asiyejua, akaiwasha. "Alikuwa anapiga zeze," Mabruki alisema. "Harusini walikuwa wanamgombea." Akainywa chai yake yote.

Tangu siku hiyo kazi ya kushika fyuzi ikawa ya Apolinaria. Mabruki alipokuwa ameingiza mikono katikati ya vile vyuma, Apolinaria aliihisi ile kauri ikigonga paja lake kila alipopumua, naye akajua kwamba mikono ile imewekwa kwake. Hakuna mtu aliyewahi kumwekesha kitu kama hicho. Mumewe, Mungu amrehemu, alimpenda, lakini alimficha hata mahali anapoweka kiberiti.

Kidogo kidogo akaanza kuzipenda siku za kubadili kalibu. Siku hizo alivaa kanga iliyopigwa pasi. Oda ya vitana ikiwa kubwa, ya wiki nzima bila mabadiliko, alijikuta amenuna. Jumapili moja kanisani aligundua kwamba anamwomba Mungu watu wa Igunga wachoke na vitana, watake vifungo. Akaona haya, akatubu pale pale, na jioni akaomba tena.

Naye Mabruki? Alipokuja kuomba fyuzi yake hakunyoosha mkono. Alisimama akingoja mpaka Apolinaria afungue fundo taratibu, na hakuna hata mmoja wao aliyekuwa na haraka. Siku moja, wakiwa wawili tu kwenye kisima cha kunawia, alisema kama mtu anayejisemea:

"Nikija kwenu, mama atanifungulia mlango?"

"Atakufungulia. Atakupa kiti na maji ya kunywa," alijibu Apolinaria. "Halafu atauliza utabatizwa lini."

"Na kwetu watakupa kiti na kahawa. Halafu watauliza utasilimu lini."

Walicheka wote wawili. Kisha kicheko kikawaishia, wakarudi kazini.

Bi Bertila, kwa upande wake, alikuwa na mtu wake. Aliitwa Damas, mkulima wa tumbaku kutoka Usoke, Mkatoliki safi, aliyefiwa na mke, mwenye nyumba ya matofali. Damas alikuja kwa treni mara kwa mara akiwa na asali kwenye kibuyu. Alikaa ukingoni mwa kiti, akamwuliza Apolinaria habari za kazi, na kweli alisikiliza majibu. Hakuwa na la kulaumiwa. Hilo ndilo lililomuumiza Apolinaria. Angekuwa mlevi, ingekuwa rahisi.

"Unangoja nini, mwanangu?" mama yake aliuliza.

"Sijui, mayo," alisema, na aliona aibu kumdanganya mama yake kwa lugha ya nyumbani.

Mambo yalivunjika siku ya kalibu ya vikombe. Ilikuwa kalibu mpya, nzito kuliko zote, imepakwa grisi nene isishike kutu. Duka moja la Kigoma lilitaka vikombe vipakiwe kwenye treni ya jioni, na Shomari alikuwa akizunguka bandani kama kuku anayetafuta pa kutagia. Mabruki hakubadili mwendo wake. Alichomoa fyuzi, akampa Apolinaria. Alishusha ya zamani, akapandisha mpya, akaifunga nati zote, akaifungua kalibu kwa mkono. Kisha akachukua kitambaa, akaingiza mikono yote miwili ndani, akaanza kuifuta ile grisi.

Shomari hakuwa na nia mbaya. Kwa akili yake aliona silinda ya kuyeyushia plastiki ni baridi, na silinda baridi itachelewesha vikombe. Alidhani umeme wa kupasha moto ni mbali na umeme wa pampu inayoibana kalibu. Basi akaenda stoo, akatwaa fyuzi ya akiba, akaichomeka ukutani kimya kimya, kama mtu anayemsaidia mwenzake.

Apolinaria alikuwa anakwangua kitana. Alisikia pampu ikiguna. Mkono wake ulishuka wenyewe kwenye pindo la kanga, ukaikuta fyuzi ipo, imefungwa vilevile. Na pampu inanguruma.

"Mabruki!" alipiga kelele. "Mabruki wangu, toa mikono!"

Mabruki hakuuliza. Alijirusha nyuma kama aliyeguswa na kaa la moto, akaanguka chali sakafuni. Pande mbili za kalibu zilikutana kwa kishindo. Kile kitambaa kilibaki kimebanwa katikati, ncha yake ikining'inia nje.

Apolinaria alikuwa amekwishafika. Alipiga magoti kwenye mafuta, akaishika mikono ya Mabruki, akaigeuza, akaihesabu vidole kama mama anayemkagua mtoto aliyezaliwa sasa hivi. Kidole gumba kilichubuka. Vingine vilikuwa vizima. Alivishika vyote, akaviweka usoni pake, akalia kwa sauti.

Mtu mmoja alizima mashine. Halafu pakawa kimya, na katika ukimya ule ndipo Apolinaria alipokisikia alichokisema. Si kaka Mabruki, wala fundi Mabruki. Wanawake wa mezani walikuwa wamesimama na visu mikononi. Shomari, uso umempauka, alikuwa anarudia, "Nilidhani ni wa moto tu, ndugu yangu. Nilidhani ni wa moto tu."

"Nimeona," alisema Mabruki. Lakini alikuwa akimtazama Apolinaria.

Siku ile ile Bwana Jivraj aliamuru fyuzi zote za akiba zifungiwe kwenye sanduku, ufunguo akae nao yule anayebadili kalibu, na sanduku la ukutani nalo litiwe kufuli. Shomari alilitundika kufuli kwa mkono wake mwenyewe, akamwomba Mabruki radhi mbele ya watu, na Mabruki akampa. Jambo la mashine likaisha hapo. Jambo jingine ndilo lililotoka mlangoni kabla ya wafanyakazi, likafika sokoni, likafika Isevya. Apolinaria alipoingia nyumbani, mama yake alikuwa anachambua mchele. Hakuinua macho.

"Wangu," alisema Bi Bertila. "Wanasema ulisema wangu."

"Nilisema, mayo."

"Ni wako?"

Apolinaria alikaa chini. "Sijui ni wa nani. Lakini nilipoisikia ile pampu, sikuona mtu mwingine duniani."

Mama yake aliendelea kuchambua. Akasema, "Basi na aje. Aje kama watu wanavyokuja."

Mabruki akaja pamoja na baba yake mdogo, amevaa kanzu, kidole gumba kimefungwa kitambaa. Walipewa kiti, wakapewa maji. Wakaenda hata kwa padri, na padri akasema si jambo lisilowezekana. Askofu anaweza kutoa ruhusa, kila mtu akabaki na dini yake, mradi Mabruki aahidi kwamba watoto watabatizwa. Kila mtu akamtazama Mabruki.

Angeweza kusema ndiyo. Wengi husema, halafu wakafanya wapendavyo. Mabruki alimgeukia padri.

"Padri, siwezi kuahidi kitu nisichoweza kukitimiza," alisema. "Mama yangu yupo Ujiji, macho yameisha. Akimpakata mjukuu atataka kumsomea adhana sikioni. Nitamwambia nini?"

Njiani walitembea nyuma ya wazee, hatua chache.

"Ungemdanganya," alisema Apolinaria.

"Ungenitaka hivyo?"

Alifikiri. Alitamani sana kusema ndiyo. "Hapana," alisema. "Na mimi ukiniambia nisilimu, nitalia, nitakubali, halafu nitamwona mama yangu anakwenda misa peke yake, nami nitakuchukia kidogo kidogo."

"Basi tumefungwa," alisema Mabruki.

Hakukaa sana baada ya hapo. Macho ya mama yake huko Ujiji yalikuwa sababu ya kweli, ingawa si sababu pekee. Kabla hajaondoka alimwomba Bwana Jivraj ruhusa ya kumfundisha Apolinaria kubadili kalibu, na Bwana Jivraj, aliyekuwa amekwishaona nani ana masikio katika kiwanda chake, hakukataa. Zilikuwa siku za ajabu. Walisimama bega kwa bega, mikono yao myeusi kwa grisi, wakiongea habari za nati na mnyororo tu. Kaza huku kwanza. Sasa kule. Usisimame hapo, mnyororo ukikatika kalibu itakuangukia mguuni. Kila neno alilomwambia lilikuwa la kumlinda, na Apolinaria alilisikia hivyo, akalipokea hivyo.

Stesheni alikwenda mchana, kweupe, watu wote wakiona. Hakukuwa na kitu cha kuficha tena. Mabruki alikuwa dirishani, behewa la daraja la tatu, sanduku lake la mabati miguuni.

"Utaolewa na yule wa Usoke?" aliuliza.

"Anastahili mtu atakayemsikia yeye akiguna, kama nilivyoisikia ile pampu," alisema Apolinaria. "Nitamwambia Jumapili."

"Na wewe?"

"Mimi nina kazi."

Treni ilipoanza kusogea, Mabruki alitoa mkono, ule wenye kovu jipya kidoleni, akauacha nje. Apolinaria aliushika, akatembea nao mpaka jukwaa likaisha.

Jumapili alimwambia Damas ukweli. Damas aliikunja kofia yake magotini, akaikunjua. "Nashukuru hukuniacha nisikie sokoni," alisema. Asali aliiacha mezani. Hakurudi tena.

Jumatatu kulikuwa na oda ya vifungo. Apolinaria alichomoa fyuzi, akafunga kufuli ukutani, akaning'iniza ufunguo shingoni pamoja na rozari, akabadili kalibu mwenyewe, Shomari akivuta mnyororo na, kwa mara ya kwanza, akiwa kimya. Ilimchukua muda mrefu. Hakuna aliyemharakisha. Alipoingiza mikono ndani kufuta, alingoja kidogo bila kujua anangoja nini. Kisha akaendelea kufuta.

Jioni mama yake alikuwa amempashia maji ya kuoga. Bi Bertila hakuwa amewahi kuuliza habari za kiwanda, hata siku moja. Alimtazama binti yake akisugua grisi kwenye kucha, haitoki.

"Leo mmetengeneza nini?" aliuliza.

"Vifungo, mayo."

"Vya rangi gani?"

"Vyeupe. Vya shati za wanaume."

Bi Bertila alichukua kipande cha sabuni, akaushika mkono wa binti yake, akaanza kuusugua yeye, kidole kimoja kimoja. Apolinaria alimwachia. Huko magharibi mvua ya kwanza ya mwaka ilikuwa inaanza, upande wa Usoke, na mbali zaidi, upande wa Ujiji.