Nguzo ya Sukesh

Narayani alikuwa akikuna nazi alipoletewa habari: mahakama imemfutia mwanawe Sukesh hukumu ya kunyongwa kwa kumuua kijana wa chama pinzani, sasa atafungwa maisha. Alilia, akacheka, akatoka mbio hadi njia panda, ambako chama kilikwisha kumjengea Sukesh nguzo nyekundu ya waliokifia chama. Jina lilikuwa tayari, ilibaki tarehe tu.

“Vunjeni hii,” aliwaambia wanachama waliokuwa hapo.

“Mama, tumeichangia miaka miwili,” Pavithran, katibu wa chama, alilalamika.

“Basi chonga jina lako wewe.”

Katibu akaenda kutafuta nyundo.

Narayani aligeuka akiwa bado anacheka. Ng'ambo ya barabara, kwenye nguzo ya wapinzani, mama wa yule kijana aliyeuawa na Sukesh alikuwa akibadilisha maua. Narayani akajiziba mdomo kwa pindo la sari.